Bobini Mbili Zilizosikilizana Mno

Kwetu pacha hafi. Wanasema amerudi, na yule aliyebaki hukatazwa kulia, maana akilia atamwita mwenzake aje kumchukua. Kwa hiyo tulipomzika kaka yangu Kyungu kule Mitwaba, akina mama wa ukoo walinipaka udongo mweupe usoni, wakanikalisha mbali kidogo na wengine, na kila niliposhusha pumzi walinitazama kama mtoto anayenyemelea sukari. Sikulia. Watu walisimama mmoja mmoja kumzungumzia marehemu. Katekista alisifu jinsi alivyotengeneza vipaza sauti vya kanisa. Mwanawe mkubwa alisema baba yake hakuwahi kupandisha sauti nyumbani. Jirani mmoja alisimulia habari ndefu ya redio iliyoanguka mtoni na bado ikaimba. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba alikuwa mtu mwema, nikakaa. Mimi, ambaye wajukuu hunikimbia kwa wingi wa maneno. Nimerudi Lubumbashi na mwaka mzima wa ujana wetu umenikwama kooni, na kati ya wote waliokuwa pale hakuna hata mmoja aliyeujua. Nimeona niuandike, kwa sababu kuandika hakujakatazwa.

Sitaanza na baba wala babu. Hao wana watu wao wa kuwasimulia. Naanza na chumba. Kilikuwa nyuma ya duka la redio la Mgiriki mmoja tuliyemwita Musiyé Petros, katikati ya Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati mimi na Kyungu tulikuwa tumevuka tu umri wa kuitwa watoto. Dirisha lilitazama ua wenye mipapai. Ukuta mmoja ulijaa redio zilizovuliwa migongo, na chumba kizima kilinuka risasi ya kulehemu, vumbi lililopata moto, na kahawa nyeusi ambayo Musiyé aliichemsha kwenye jiko lilelile la kupashia chuma cha kulehemu. Kyungu alitengeneza redio. Mimi nilikaa dirishani na cherehani, nikishona vitambaa vya kufunika vipaza sauti, kwa kuwa mende walikuwa wamevila vile vya zamani. Asubuhi tulitoka pamoja mtaani kwetu Kenia, na tulirudi pamoja kabla giza halijatukuta mjini kwa Wazungu. Mchana tulikula sahani moja ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo aliyotufungia mama Ngoie, mdogo wa mama yetu, ambaye tuliishi kwake. Sikumbuki siku hata moja ya mwaka ule niliyokula peke yangu.

Sanduku lililetwa na gari la bibi mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa la mbao nyekundu zilizong'arishwa, lenye miguu minne. Upande wa kulia palisimama fimbo ya shaba, na ubavuni kushoto palitoka chuma kilichopindwa kama mkono wa kikombe. Hakukuwa na nyuzi, wala vitufe, wala mahali pa kupuliza. Bibi alisema ni chombo cha muziki, kimekufa, na Musiyé akiweza kukifufua basi ni chake. Watu wa dukani walikizunguka wakiulizana kinapigwaje. Musiyé akasimama mbele yake, akainua mikono miwili hewani na kuisogezasogeza bila kugusa chochote, uso umemtulia kama mtu aliyeko kanisani, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi baiskeli wa uani alisema hiyo ni kintu ya buloshi, uchawi mtupu, na kwamba usiku isiachwe karibu na kibanda chake.

"Apana buloshi," Musiyé alimwambia. "Haitaki umuguse, njo ile tu. Inasikia mukono."

Kyungu alifungua mgongo wa sanduku siku ileile. Mchwa walikuwa wamekula ubao wa chini na kila kitu kilikuwa kimeporomoka na kulundikana kwenye kona: lampi, yaani zile chupa za kioo ambazo zamani ndizo zilizokuwa roho ya redio, transfo nzito ya kuingizia umeme, vibati vya kondansateri, na bobini mbili, nyaya nyembamba za shaba zilizozungushiwa mirija ya karatasi ngumu, zimeota ukungu wa kijani na kukatikakatika. Mimi ningevitupa vyote. Lakini Musiyé alivuta kiti, akatueleza mimi na Kyungu taratibu, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi kilichotiwa Kifaransa, na Kigiriki cha kutukania vitu. Alijua mambo yake, na hakuwa mtu wa kuficha ujuzi.

"Iko humu sauti mbili," alisema. "Zote mbili iko juu sana, sikio ya muntu haiwezi kuzisikia. Kama ziko sawasawa, kimya. Ukileta mukono, moja inashuka kidogo. Ile tofauti njo unasikia."

Kyungu aliuliza sauti yenyewe basi inatoka kwa ipi kati ya hizo mbili. Musiyé akajibu kwamba haitoki kwa hii wala ile, inatoka kati yao. Kisha akachukua vibati viwili, akavishika vikikaribiana bila kugusana, akasema hiyo ndiyo kondansateri, vibati viwili na hewa katikati, na kadiri vinavyokaribiana ndivyo umeme unavyojaa baina yao. Akaondoa kibati kimoja, akaweka kiganja chake mahali pake. Hapo nikaelewa kabla ya Kyungu, na bado najivunia. Fimbo ya shaba ni bati la kwanza, na mtu mwenyewe, mwenye nyama na damu, ndiye bati la pili. Ukisogea, umekuwa sehemu ya mashine. Kile chuma cha kushoto ni cha kupunguzia: ukikiletea kiganja, sauti inanyamaza polepole kama mtoto anayelazwa. Nimesahau majina ya mapadri walionifundisha katekisimu, lakini maelezo ya siku ile ninayo yote, na ningeweza kukuchorea hapa.

"Ni mapasa," Kyungu alisema, kwa neno letu la pacha, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwetu pacha wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange, na hakuna mjadala. Basi bobini moja ikaitwa Kyungu, ya pili Kabange, na tukazilea ipasavyo. Tulizisuka upya siku moja, mimi nikiachia waya na yeye akizungusha mrija, tukihakikisha hii haipati mzunguko ambao ile haikupata, kisha tukazipaka nta ya mishumaa. Lampi ya upande mmoja ilikuwa imekufa na ya upande wa pili ilikuwa nzima. Kyungu akakataa katakata kubadilisha moja. Ukimvika pacha mmoja nguo mpya na kumwacha mwenzake na kuukuu, unatafuta ugonjwa nyumbani. Musiyé alinung'unika kwamba lampi nzuri inatolewa bure, lakini alituletea mbili. Na ulipofika wakati wa kuzifunga bobini juu ya ubao mpya, Kyungu alizilaza ubavu kwa ubavu, akazizungushia uzi wangu mweupe wa kushonea. Mapasa hawalazwi mbalimbali. Musiyé siku hizo alizidiwa na redio za wateja, akatuachia kazi. Kwao hakuna fundi ambaye angezifunga hivyo, na kwetu hakuna ambaye angezifunga vingine.

Sanduku liliamka wiki ya mvua za kwanza. Kyungu aliziacha lampi zipate moto, zikawa na rangi ya chungwa, transfo ikaanza kuvuma chini chini. Nilipeleka mkono kwenye fimbo na sauti ikatoka. Sijui niiseme vipi. Haikuwa ya mtu na haikuwa ya chuma. Ilikuwa nyembamba, inatetemeka nikitetemeka, na ilinitoa machozi nikacheka hapohapo. Tuligawana kazi bila kuijadili. Kyungu alikuwa na vidole vya waya na bisibisi, lakini akiipungia hewa mikono yake sauti ilipiga kelele za bata. Mimi niliyezoea kuimba sauti ya pili kanisani niliweza kuitafuta noti na kuishika. Lakini bila yeye lile sanduku lisingeweza kitu, kwa kuwa kila unyevu ulipobadilika ilibidi azirudishe bobini kwenye usawa, ageuze skrubu kidogo kidogo mpaka panyamaze kabisa, ndipo mimi nianze. Na kila mwili uliopita karibu uliharibu hesabu. Siku mama Ngoie alipokuja kutazama, mama mnene, akaingia na kikapu chake mlangoni, sauti ikapanda juu kama imemwogopa. Alisimama, akarudi nyuma hatua, ikashuka. Akafanya tena, na tena, huku anacheka, mpaka Musiyé akamwomba achague kuingia au kutoka.

Nilitaka kupiga wimbo mmoja tu. Kwetu pacha huimbiwa nyimbo za matusi. Ndiyo heshima yao, wazazi hutukanwa hadharani kwa mambo ya chumbani na watu wote hufurahi. Wimbo tulioimbiwa sisi huanza juu, kisha hushuka na kushuka, na tusi lenyewe liko chini kabisa, kwenye noti ya mwisho. Hiyo noti sanduku halikuwa nayo. Nilipoondoa mkono taratibu, sauti ilishuka vizuri, ikafika katikati, kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyetumbukia shimoni. Nikikaribia, ghafla tena, iko katikati. Hakukuwa na chini. Kyungu alibadilisha kondansateri, akalehemu upya kila kiungo, akashinda na njaa, nami nilishinda naye kwa kuwa sikuweza kula peke yangu. Tulianza kuamini kwamba mchwa walikula pia sauti ya chini.

Mwishowe Musiyé akaja, akainama, akatazama ndani muda mrefu. Akagusa ule uzi mweupe. Akatuuliza nani amezifunga pamoja na kwa nini, na Kyungu akamweleza habari za mapasa, kwa heshima, kama unavyomweleza mgeni. Musiyé hakucheka. Alisema kazi ni nzuri, na kosa ni la upendo.

"Banasikilizana sana, bale batoto benu," alisema. "Wakifika karibu-karibu, mmoja anavuta mwenzake, banakuwa sawasawa kabisa. Juu ya ile njo banaikala kimya."

Neno hilo kusikilizana, sisi tulilijua kuwa sifa. Ndivyo majirani walivyotusifu tangu utoto: bale banasikilizana. Sikuwahi kudhani linaweza kuwa jina la ugonjwa. Musiyé alikata uzi kwa kisu cha mfukoni, akaisukuma bobini moja hadi mwisho wa ubao, na katikati akasimamisha bamba la shaba, ambalo katika mji wetu wa migodi ya shaba halikuwa kitu cha kutafuta, akaliunganisha kwa waya na chini ya chombo. Kyungu alisimama pembeni ameshika uzi uliokatwa. Alionekana kama mtu aliyefiwa, na mimi nilimuonea huruma, ingawa mikono yangu ilikuwa ikiwashwa kujaribu. Nikajaribu. Sauti ikashuka, ikapita pale ilipokuwa ikianguka, ikaendelea kushuka, nzito, yenye manyoya, mpaka kwenye tusi. Kyungu akacheka kwa nguvu, na mama wawili waliokuwa wakipita uani na mabeseni wakageuka kutazama nani anawatukana.

Tulialikwa kupiga kwenye ukumbi wa sinema wa Kenia, Jumapili mchana, siku ya sherehe ya parokia. Kyungu alilala sakafuni nyuma ya sanduku na bisibisi yake, watu wasimwone, akiniwekea usawa kila ukumbi ulipozidi kupata joto la miili. Mimi nilivaa gauni la bluu nililojishonea. Nilipiga nyimbo za kanisa kwanza, watu wakatulia, wengine wakajipiga ishara ya msalaba. Kisha nikapiga wimbo wa mapasa, bila maneno, sauti tupu. Nilisikia minong'ono ikianza safu za akina mama, halafu vicheko vya kuzuia, halafu ukumbi mzima ukawa unacheka na kuimba matusi yale midomo imefungwa, na padri wetu, Mbelgiji asiyejua neno la Kiluba, aliyekaa mbele kabisa, akapiga makofi kwa mwendo wa wimbo akitabasamu kwa watu wake waliofurahi. Nimeishi miaka mingi, nimeolewa, nimezaa, nimeshona magauni ya maharusi wasiohesabika. Sijawahi kufurahi tena kiasi kile.

Katika ukumbi ule alikuwamo mtu wa redio kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Mkongo mwenzetu, mwenye suti na sauti ya upole, aliyekuwa akizunguka nchi kutafuta watu wa kuwasikilizisha wengine. Alikuja dukani kesho yake. Alisema anatuhitaji wote wawili: Kabange wa kupiga, Kyungu wa kukishughulikia chombo na kufundishwa kazi ya mitambo ya redio. Mmoja bila mwingine hana faida kwake. Musiyé alikuwa tayari kulitoa sanduku. Treni yake ilikuwa inaondoka mwisho wa wiki kwenda Port-Francqui, na huko angepanda meli ya mtoni; alitaka jibu kabla ya hapo. Kyungu alisema asante. Mimi nikasema asante. Tukarudi Kenia, na naliandika hili waziwazi kwa sababu sikulisema wakati wake: nilitaka kwenda. Lakini nilimwona kaka yangu anatazama chini anapotembea, nikasema moyoni, huyu hataki, huyu ana hofu ya meli, nisimvute.

Musiyé ndiye aliyeona hatari. Alikuja mwenyewe hadi kwa mama Ngoie, akaketi kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akanywa chai ya maziwa asiyoipenda, akaomba jambo moja: tuulizwe kila mtu peke yake, Kyungu uani, mimi ndani. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote. Mama Ngoie alimjibu kwa adabu, lakini kama mtu aliyeombwa avue nguo barabarani.

"Habaulizwake mapasa umoja-umoja, Musiyé. Banaulizwa bote, pa mukeka moja. Ukiuliza moja, mwingine atasirika, atarudia kwenye alitokea."

Musiyé alisema anaheshimu. Akajaribu tena, akasema wakati mwingine bamba linahitajika katikati. Mama Ngoie hakujua anazungumzia bamba gani, akamwongezea chai. Nami nilikuwa nyuma ya pazia na sufuria mkononi, nimeelewa kabisa anachosema Musiyé, na sikutoka. Wala isingefaa nitoke. Msichana wa nyumba ile hakuwa na mlango wa kuingilia katika maneno kama hayo, na mama Ngoie hakuwa mkatili. Alikuwa anatulinda kwa njia aliyoijua. Kwake kututenganisha hata kwa swali moja kulikuwa ni kumchimbia mmoja wetu kaburi. Mpaka leo sijapata mtu wa kumlaumu, na hilo halinipi nafuu hata kidogo.

Tuliulizwa baada ya chakula cha mchana. Ulikuwa mkeka wa njano uliofumwa kingo nyekundu, na sahani ya bukari ilikuwa bado haijaondolewa, mikono yetu ina mchuzi. Mama Ngoie alikaa mbele yetu amenyoosha miguu, iliyokuwa ikimvimba majira ya joto.

"Basi, batoto. Munasema je?"

Kyungu alinitazama. Nilitaka aseme ndiyo, ili na mimi niseme ndiyo. Alisubiri, nami nikasubiri. Nilishindwa kuvumilia macho yake, nikatazama chini.

"Vile Kabange atasema, njo vile," alisema.

"Mi niko nyuma ya yaya," nilijibu, maana yeye alitangulia kuzaliwa, na hivyo ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake.

Nje mtu alikuwa anatwanga. Kisha Kyungu akasema, "Basi, tutaikala," nami nikasema ndiyo, tutakaa, na mama Ngoie akashusha pumzi, akasema Mungu ametupa akili moja. Kyungu akaondoa sahani.

Sanduku liliondoka kwa treni bila sisi. Mtu wa redio alisema pengine atapata watu wengine huko. Kwa miezi tulisimama jioni chini ya kipaza sauti cha mtaa, kile kilichofungwa kwenye mti wa umeme, tukisubiri sauti yake ipite kati ya habari na muziki wa magitaa. Haikupita. Hatukuambizana tunasubiri nini. Kila mmoja alijifanya anapumzika. Mwaka ulipokwisha Musiyé aliuza duka akaenda Rhodesia. Kyungu alioa mtu wa Mitwaba akahamia huko, na mimi nikabaki na cherehani. Tulionana kwenye misiba na arusi, katikati ya watu, tukiulizana habari za watoto na mvua. Watu waliotutupia macho walisema tazama, bado wanasikilizana. Nami nilikuwa nikimjibu kila alilosema kwa kukubali, naye vivyo hivyo, na nyumbani nilirudi kila mara na uchovu nisioujua umetoka wapi.

Mwaka huu wanawe walimleta Lubumbashi kutibiwa. Nilikaa naye mchana mmoja hospitalini, peke yetu, wajukuu wamekwenda kununua maji. Alikuwa ameegemea mito miwili, amekonda, vidole vyake vinachezea ncha ya shuka. Aliniuliza ghafla, kama anayeuliza saa.

"Ile siku ya mukeka. Sababu gani ulikatala?"

"Mi? Weye njo ulikatala."

"Uliangalia miguu ya mama. Nikasema, huyu hawezi kumuacha mama mugonjwa."

"Niliangalia miguu ya mama juu sikuweza kuangalia uso yako. Nilikuwa nataka kwenda, Kyungu. Nilishaka kushona mufuko ya safari."

Akasema kwamba yeye bisibisi zake zote alikuwa amezifunga kwenye karatasi, akaziweka chini ya kitanda, na kwamba alitembea kichwa chini siku tulipotoka dukani kwa sababu alikuwa anahesabu atahitaji nyaya kiasi gani. Nilihisi hasira ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia alikuwa mpumbavu. Akaniambia mimi maisha yangu yote nimejificha nyuma ya neno yaya, na kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu alishindwaje siku moja kuutumia. Nikamwambia mwanamume ndiye aliyepaswa kusema kwanza. Akasema nani kanidanganya. Tukapandisha sauti, wazee wawili wenye mvi, tukitukanana kwa Kiluba, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika uso, na muuguzi akaja kutuambia, "Bazee, kuko bagonjwa humu." Tukaendelea kwa kunong'ona. Uso wake ulikuwa umepata damu. Sikuwahi kumjua kaka yangu kama nilivyomjua saa ile. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, juu ya mume wangu, juu ya padri, juu ya namna nilivyopiga ile noti ya chini, ambayo alisema siku zote niliifikia kwa kuchelewa. Nilipoondoka aliniambia nirudi kesho, bado hatujamaliza.

Usiku ule nilipanga maneno yangu, nikafika asubuhi na mapema nikiwa nimejiandaa kumjibu kuhusu ile noti. Nilimkuta amelala chali, macho nusu wazi, homa imepanda. Nikamwambia sikuchelewa, yeye ndiye aliyelegeza skrubu. Akasema ndiyo. Nikamwambia kwamba tungekwenda Léopoldville tungepotea, tungelewa, tungeshindwa. Akasema ni kweli. Nikamwambia kwamba hapana, tungefaulu, na yeye alijua. Akasema ni kweli pia. Nikamshika mkono, ulikuwa wa moto na mwepesi, nikamwambia, "Nikatalie, Kyungu. Hata kidogo tu."

"Sawa, Kabange," alisema. "Vile unasema."